Petroli Ikivujia Kwenye Maji ya Ardhini: Kupima na Kusafisha, Hatua kwa Hatua

Lita moja ya petroli yenye benzini asilimia 1 imebeba takriban gramu 8.8 za benzini, kemikali ya sumu iliyomo kwenye petroli. Shirika la Afya Duniani linataka maji ya kunywa yasizidi maikrogramu 10 za benzini kwa lita. Ukigawanya, lita hiyo moja inatosha kuharibu lita 880,000 za maji, yaani maboza 88 ya lita 10,000. Sasa chukua kiungio cha bomba kinachodondosha tone moja kila sekunde. Kwa siku ni zaidi ya lita 4, kwa mwaka ni kama lita 1,500, na juu ya zege la sheli hakuna hata alama. Mara nyingi anayegundua mwanzo ni jirani anayepandisha maji kwenye tanki lake.

Maelezo haya yamelenga hasa pwani yetu, kuanzia Mombasa na Tanga hadi Dar es Salaam na Unguja, ambako ardhi ni mchanga au matumbawe, maji yapo karibu na visima vya nyumbani vimeizunguka sheli. Bara kwenye mwamba wenye nyufa kanuni hazibadiliki, ila uchafu hufuata ufa, na ufa haufuati mteremko wa ardhi. Huko ongeza visima vya uchunguzi na usiamini mshale wowote kwenye ramani kabla haujathibitishwa na sampuli.

Petroli inakaa wapi

Kosa linalokula fedha nyingi kuliko yote ni kukimbilia pampu. Maji yanavutwa wiki kadhaa, harufu inapungua, kazi inafungwa, na masika yakipita uchafu uko palepale.

Petroli ni nyepesi kuliko maji, uzito wake ni kilo 0.72 hadi 0.78 kwa lita. Hupenya udongo hadi ikutane na maji, kisha husambaa juu yake. Masika maji ya ardhini yanapanda, kiangazi yanashuka, na petroli inapanda na kushuka nayo huku ikiupaka mafuta ukanda mzima wa udongo, pengine mita moja, pengine tatu. Ukanda huo ndio ghala. Mafuta yaliyoshikwa kati ya chembe za mchanga hayavutiki kwa pampu, ila yanaendelea kuyayeyushia maji benzini kidogokidogo kwa miaka. Maji unayoyapima ni tarishi tu. Kila uamuzi utakaofuata uulize kwanza unafanya nini kwa ghala lile.

Siku ya kwanza

Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa mara tatu hadi nne, hivyo hujikusanya kwenye mashimo, chemba za maji taka na vyumba vya chini. Ukifikia asilimia 1.4 tu ya hewa unaweza kulipuka. Kipima gesi kikionyesha asilimia 10 ya kiwango cha chini cha mlipuko, simamisha kazi na uondoe watu. Pima kisima, kisha chemba zote za jirani.

Mafundi wa visima wana desturi ya kushusha mshumaa au kibatari kuangalia kama kuna hewa chini. Kwenye kisima chenye petroli, kibatari hicho ni kiberiti kwenye baruti. Asishuke mtu, hata kwa dakika moja, na pampu ya umeme ya kawaida isiwashwe humo.

Wenye visima waambiwe kwa maneno yasiyo na utata. Kuchemsha hakusaidii: benzini inaruka kutoka kwenye sufuria na kuingia mapafuni mwa mpishi. Klorini haiiondoi. Mkaa wa jikoni uliotwangwa si mkaa amilifu (ule wa kiwandani unaonasa kemikali) na hauwezi kazi hiyo. Kutosikia harufu si ushahidi, kwa sababu pua ya mtu huitambua benzini kwenye maji ikiwa imeshapita kiwango salama mara nyingi sana. Yasiogewe pia, hasa yakiwa ya moto ndani ya bafu dogo. Boza la maji safi lifike kabla ya mtambo wowote wa kusafisha. Bomba la mafuta la Mombasa–Nairobi lilipovuja Thange, kaunti ya Makueni, mwaka 2015, mafuta yaliingia mtoni, na wanakijiji walihitaji maji mbadala kabla ya ripoti yoyote ya kitaalamu.

Toa taarifa siku hiyohiyo. Tanzania Bara ni NEMC (mazingira), EWURA (nishati na maji) na bodi ya maji ya bonde husika (Dar es Salaam iko chini ya Wami/Ruvu). Zanzibar ni ZEMA (mazingira) na ZURA (nishati na maji), Kenya ni NEMA (mazingira), EPRA (nishati na petroli) na WRA (rasilimali za maji). Visima vya uchunguzi navyo ni visima, kwa hiyo uliza kibali cha kuchimba mapema.

Ziba tundu kwanza

Kusafisha huku tangi linavuja ni kudeki huku bomba limefunguliwa. Anza na vitabu vya sheli: dipu ya asubuhi (kipimo cha mafuta yaliyomo tangini), mafuta yaliyoshushwa, mauzo ya pampu, dipu ya jioni. Kanuni ya Marekani hutilia shaka upungufu au ziada inayozidi asilimia 1 ya mafuta yaliyopita mwezi huo, ukijumlisha galoni 130, yaani kama lita 490. Ni kipimo kipana mno. Uvujaji wa lita 4 kwa siku unapita humo bila kuonekana, kwa hiyo vitabu safi havimwondolei mtu mashaka. Agiza jaribio la kubana, la kuona kama kinavuja, kwa tangi na kwa mabomba, kila kimoja peke yake. Viungio vya mabomba, chini ya pampu za kuuzia na mdomo wa kushushia mafuta ndiko pa kuanzia kutazama, kuliko kiwiliwili cha tangi.

Visima vya uchunguzi

Vitatu ndiyo idadi ya chini kabisa, vikiwa kwenye pembetatu, kwa sababu visima viwili haviwezi kukuonyesha maji yanaelekea wapi. Kwa kazi ya kweli panga vitano hadi saba: kimoja juu ya mkondo kwenye maji safi, kimoja au viwili karibu na chanzo, vingine ndani ya doa (eneo la maji yaliyochafuka) na pembeni mwake, na kimoja cha mlinzi kati ya doa na kisima cha watu kilicho karibu zaidi.

Bomba la PVC la inchi 2 linatosha kupima. Chimba la inchi 4 pale unapotarajia kuvuta mafuta baadaye. Sehemu yenye matundu, ya upana wa milimita 0.25 hadi 0.5, ivuke usawa wa maji kwa pande zote mbili: mita 1 hadi 1.5 juu ya usawa wa masika na mita 2 hadi 3 chini ya usawa wa kiangazi. Hapa ndipo wachimbaji wa visima vya maji wanapoharibu. Wamezoea kuweka matundu chini kabisa, kwenye maji mengi, na kuziba juu. Kisima cha namna hiyo kina maji mazuri, ila hakitaonyesha hata tone la petroli inayoelea mita nne juu ya matundu yake.

Jaza mchanga mkavu uliochujwa na kuoshwa kuzunguka matundu hadi nusu mita juu yake. Weka bentonaiti (mfinyanzi unaovimba ukilowa) ya vidonge angalau sentimita 60, imwagie maji safi ivimbe, kisha saruji hadi karibu na uso wa ardhi. Funga kwa kifuniko kinachobana na kisanduku cha chuma kinachohimili gari. Mabomba yaungwe kwa nyuzi za kuskrubu, kamwe si kwa gundi ya PVC, kwani gundi hiyo ina viyeyusho vitakavyotokea maabara kama uchafu mpya na kukupeleka kuwinda chanzo kisichokuwepo.

Ukimaliza, kisukesuke kisima na kuchota hadi maji yawe maangavu, kiache wiki moja hadi mbili, ndipo upime.

Maji yanaelekea wapi

Mpima ardhi apime kimo cha mdomo wa kila bomba kwa usahihi wa milimita chache na aweke alama ya rangi pale alipopima. Pwani mteremko wa maji ni mdogo sana, na kosa la sentimita tano linaweza kugeuza mshale.

Tumia tepu yenye kitambuzi cha mafuta na maji, ile inayolia mfululizo kwenye mafuta na kwa kukatakata kwenye maji. Kukiwa na mafuta lazima urekebishe, maana mafuta yanayakandamiza maji ndani ya bomba. Mfano: mdomo wa bomba uko kwenye kimo cha mita 12.00, mafuta yanaanza kina cha 4.20, maji 4.70. Unene wa mafuta ni 0.50. Kimo cha maji bila marekebisho ni 7.30, kimo cha kweli ni 7.30 + (0.50 × 0.74, uzito wa petroli kwa lita) = mita 7.67. Tofauti ya sentimita 37! Ramani nyingi mbovu huzaliwa hapo.

Kupata mwelekeo, chora mstari kutoka kisima chenye kimo kikubwa hadi chenye kimo kidogo. Kwenye mstari huo tafuta nukta yenye kimo sawa na kisima cha kati. Unganisha nukta hiyo na kisima cha kati: huo ni mstari wa kimo kimoja, na maji yanaukata kwa pembe mraba kuelekea chini.

Kasi ya maji ni upitishaji wa udongo mara mteremko wa maji, gawa kwa uwazi wa udongo, yaani sehemu yake iliyo tupu kati ya chembe. Mchanga unaopitisha mita 5 kwa siku, mteremko 0.004 na uwazi 0.25 unatoa mita 0.08 kwa siku, kama mita 29 kwa mwaka. Benzini huenda polepole kidogo kuliko maji. MTBE, kiongezi cha petroli, haichelewi karibu kabisa, ndiyo maana hutangulia mbele ya doa. Mwaka 1996 mji wa Santa Monica huko California ulilazimika kufunga visima vilivyoupa karibu nusu ya maji yake kwa sababu ya MTBE.

Uliza pia majirani wanapampu saa ngapi. Kisima kirefu kinachojaza matanki ya nyumba ya kupangisha kila alfajiri kinaweza kulivuta doa kinyume na ramani yako.

Sampuli

Pima usawa wa visima vyote siku moja kabla ya kuchota popote. Anza na kisima safi, malizia na kichafu. Glovu mpya za nitraili kila kisima. Jenereta iwe upande upepo unakoelekea, na aliyeijaza mafuta asiguse chupa. Kisima chenye mafuta yanayoelea usikichukulie sampuli ya maji: rekodi unene, basi.

Njia bora ni pampu ya mwendo mdogo, mililita 100 hadi 500 kwa dakika, usawa wa maji usishuke zaidi ya sentimita 10. Soma vipimo kila dakika tatu hadi tano. Masomo matatu mfululizo yakitulia (pH ndani ya 0.1, upitishaji umeme ndani ya asilimia 3, oksijeni ndani ya asilimia 10) jaza chupa. Bila pampu hiyo, tumia kichoteo cha plastiki kinachotupwa na uondoe kwanza ujazo wa bomba mara tatu. Bomba la inchi 2 lina karibu lita 2 kwa kila mita ya maji, kwa hiyo maji ya mita 3 ni lita 18 za kutoa. Kichoteo kishushwe polepole kama unavyoshusha mtoto kitandani. Kikidondoshwa kwa kishindo, benzini inaruka na matokeo yanatoka mazuri kwa uongo.

Chupa ni za kioo, mililita 40, zenye tone la asidi hidrokloriki la kufikisha pH chini ya 2. Zijae hadi maji yavimbe mdomoni, funga, pindua chupa na uigonge: ukiona kiputo, rudia. Weka kwenye barafu, nyuzi 4, na zipimwe ndani ya siku 14. Kwenye matumbawe kuna mtego: maji yenye chokaa nyingi hutoa mapovu yakikutana na asidi, na mapovu huondoka na benzini. Ukiona hivyo, tumia chupa zisizo na asidi na ufikishe maabara ndani ya siku 7. Chupa moja ya maji safi iliyojazwa maabara isafiri na boksi kwenda na kurudi bila kufunguliwa. Ikionyesha benzini, safari nzima ina mashaka.

Pima benzini, toluini, ethilibenzini, zailini, naftalini na MTBE. Kama sheli ilikuwa ikiuza kabla ya 2006, Afrika kusini mwa Sahara ilipoachana na petroli ya risasi, ongeza risasi na dibromoethani, kiongezi kilichoambatana na risasi. Hiyo ya pili ni hatari kwa kiwango kidogo mno: kikomo cha Marekani ni maikrogramu 0.05 kwa lita.

Kabla ya kulipa, iulize maabara kiwango chake cha chini cha kutambua. Ripoti inayosema "haikuonekana" kwa chombo kinachoanza kuona miligramu 0.5 kwa lita inaruhusu benzini mara 50 ya kikomo bila kuiona.

Pwani rudia angalau mara nne kwa mwaka, na mbili ziwe mwisho wa masika na mwisho wa kiangazi. Kiangazi maji yakishuka, mafuta huchuruzika kutoka udongoni na kunenepa kisimani. Masika hupotea. Usifungue soda mwezi wa tano.

Kuondoa mafuta yanayoelea

Unene ndani ya bomba hukuza mambo. Ardhini mafuta ni machache zaidi, pengine sehemu ndogo tu ya unachokiona. Jaribu hivi: chota mafuta yote, kisha pima yanavyorudi baada ya dakika 10, saa 1, saa 24. Yakirudi sentimita 2 kwa siku, kichoteo na soksi za kunyonya mafuta zinatosha. Yakirudi kwa saa moja, weka pampu ya hewa yenye kichwa kinachoelea.

Usishushe maji sana ili kuyavuta mafuta. Ukiyashusha mita tatu umeupaka mafuta udongo wa mita tatu uliokuwa safi, umeongeza ghala. Yaliyotolewa ni taka hatarishi, yahifadhiwe kwenye mapipa ya chuma yaliyounganishwa na waya wa ardhini. Yakiishia kwenye bodaboda au kwa mtu wa kuoshea vyuma, umehamisha moto tu.

Kulisafisha ghala

Udongo mchafu ulio juu ya maji na unaofikika uchimbwe wakati matangi yanang'olewa. Ndiyo fedha iliyotumika vizuri kuliko zote.

Uliobaki kwenye mchanga, fyonza mvuke wake. Visima vyenye matundu juu ya maji huunganishwa na feni ya kufyonza isiyotoa cheche, na hewa inayotoka hupita kwenye mkaa amilifu. Mchanga unahitaji mvuto mdogo, milibari 25 hadi 100. Kumbuka mvuto huo unapandisha maji pia: milibari 50 ni nusu mita. Matundu yakiwa chini mno utafyonza maji badala ya mvuke. Siku za mwanzo mvuke unaweza kuwa ndani ya kiwango cha kulipuka, hivyo fungua vali ya hewa safi. Kwenye mfinyanzi njia hii haifai. Hewa hupita kwenye nyufa na kuuacha udongo vilevile.

Sehemu iliyo chini ya maji husafishwa kwa kupuliza hewa kutoka chini yake. Matundu ya nusu mita hadi mita moja yawe mita 1.5 hadi 3 chini ya uchafu. Kila mita ya maji inadai bari 0.1 kabla hewa haijatoka, na ziada kidogo ya kupenya udongo. Matundu yakiwa mita 4 chini ya maji, bari 0.5 hadi 0.6 inatosha. Ukizidisha hadi kushinda uzito wa udongo, karibu bari 0.16 kwa mita ya kina, unapasua njia na hewa yote itapita humo. Puliza kwa zamu, saa chache kuwaka na chache kuzima. Usipulize kukiwa na mafuta yanayoelea, maana utayasukuma kwa jirani, wala karibu na nyumba bila kufyonza mvuke juu yake.

Kuvuta na kusafisha maji kuna nafasi yake: kulizuia doa lisifike kisima cha watu. Panga mitungi miwili ya mkaa amilifu kwa mfuatano, uchukue sampuli katikati. Maji yakae ndani ya kila mtungi kama dakika 10, kwa hiyo pampu ya lita 20 kwa dakika inataka lita 200 za mkaa kwa kila mtungi. Benzini ikitokea katikati, mtungi wa pili unakuwa wa kwanza na mpya unawekwa nyuma. Maji ya chini ya doa huwa na chuma kilichoyeyuka. Kikikutana na hewa kinageuka tope jekundu na kuziba mkaa, kwa hiyo peperusha na uchuje kwa mchanga kwanza. MTBE hushikwa vibaya na mkaa. Na karibu na bahari fuatilia chumvi kila wiki, usije ukaondoa petroli na kuleta maji ya bahari.

Kuwaachia bakteria

Bakteria wa udongo hula benzini, ila kila gramu inadai karibu gramu 3.1 za oksijeni. Maji yetu ya joto hubeba kama miligramu 8 za oksijeni kwa lita, za kumaliza miligramu 2.6 tu. Baada ya hapo hutumia naitreti, chuma na salfeti, polepole zaidi. Dalili kwamba kazi inafanyika: katikati ya doa oksijeni, naitreti na salfeti zimeshuka kuliko kisima safi, huku chuma kilichoyeyuka na methani vimepanda. Uchunguzi wa maabara ya Lawrence Livermore, California, uliotolewa 1995 ulionyesha kwamba madoa mengi ya benzini husimama kabla ya mita 80 hivi. Petroli yenye ethanoli huvunja utaratibu huo, kwani bakteria huimaliza oksijeni kwa ethanoli kwanza, na MTBE huoza kwa shida. Njia hii ifuate baada ya ghala kuondolewa, isiwe jina zuri la kutofanya lolote.

Kufunga

Zima mitambo yote na upime kila baada ya miezi mitatu kwa mwaka mzima, masika yakiwemo. Namba zikipanda tena ghala bado lipo, rudi kwenye udongo. Zikibaki chini kwenye kisima cha mlinzi na kushuka kwenye vingine, omba kibali cha kufunga. Kisha ziba kila kisima cha uchunguzi kwa uji wa saruji wenye bentonaiti asilimia 5, ukiushusha kwa mpira kutoka chini kwenda juu, na uandike vilipokuwa kwenye mchoro wa kiwanja. Kisima kilichosahauliwa chini ya zege la sheli, kifuniko kimelegea, ni bomba lililonyooka hadi kwenye maji, na boza la mafuta huja kushusha palepale kila wiki.